Sketi Inayosimama Yenyewe

Tarehe 2 Februari

Shangazi,

Kabla hata ya shikamoo kuna jambo sijamwambia mtu, na nisipoliandika kwanza nitaogopa nikifika katikati: mimi huenda shule nimevaa sketi tatu. Ya juu ni ya mwaka huu. Ya kati ni ya mwaka juzi. Ya ndani kabisa si sketi, ni pazia la jikoni ambalo mama analitafuta mpaka leo na anamshuku jirani.

Sasa shikamoo. Natumaini hujambo, wewe na cherehani yako. Sisi huku wazima. Baba bado ni mlinzi wa usiku kule ghalani, kwa hiyo mchana kutwa anakoroma nyuma ya ukuta wa saluni, na wateja wa mama wameshamzoea. Juzi mmoja alifika akakuta kimya, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba. Mama anasuka kama kawaida. Kijiko ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa mdogo wangu huyo akisema neno lenye "s" tunajifuta uso.

Haja yangu ni hii. Sketi tatu zina joto, na nimeanza kutembea kama bata aliyeshiba. Wewe ni fundi. Naomba unishonee sketi moja ya shule, ya bluu iliyoiva, ila huko nyuma uweke kitu ndani. Sponji, au blanketi, chochote kinachobonyea. Ianzie chini kidogo ya kiuno ishuke mpaka nyuma ya mapaja. Sababu ni benchi. Mabenchi ya darasani kwetu ni magumu sana. Huzidi kuwa magumu siku za hesabu, hasa nikikosa jibu.

Mama asijue. Simu ni yake na huongea nayo saluni kwa sauti ya kufungulia, wateja wote wakichangia, ndiyo maana nakuandikia barua kama watu wa zamani. Ukituma kifurushi andika juu "vitabu". Nyumbani kwetu hakuna mtu anayefungua vitabu.

Nasikia kandambili zake zinakuja. Naificha karatasi kwenye kapu la nywele bandia. Ukikuta unywele humu, si wangu.

Mtoto wa kaka yako,
Kimya


Tarehe 20 Februari

Kimya wangu,

Marahaba, mama. Barua imefika pamoja na unywele mwekundu mrefu kama mkia wa farasi. Uliniangukia begani bila mimi kujua, nikashinda nao kutwa, na jioni mwenye nyumba wangu akaniuliza huyo mgeni ameondoka saa ngapi.

Mimi mzima. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa. Ilitoka safi sana lakini haisemi. Kazi ipo. Nilimshonea bwana harusi mmoja suti, naye akanenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa. Amefunga ndoa bila kukaa chini hata mara moja, na wazee wamemsifu kwa heshima. Msalimie kaka, mwambie akigeuka ubavu mkoromo hupungua. Msalimie wifi, ila usimsalimie sana asije akauliza salamu zimetoka wapi.

Sketi hii hapa. Fundi mzuri hamwulizi mteja kwa nini anataka mfuko wa siri. Anauliza uwe na kina gani. Kwa hiyo sikuulizi. Nimekata sponji kutoka kwenye godoro langu la zamani, nikaifunika kwa bitana, nikashona kingo mara mbili. Hata ukianguka kutoka juu ya mti utarudi ulikotoka.

Lakini nina swali la kifundi, si la shangazi. Mtu akikaa kwenye benchi hukalia hapo tunapopajua sote. Sasa hii pedi inayopanda hadi karibu na kiuno na kushuka hadi mapajani ni ya kukalia kitu gani? Unakaaje, mwanangu?

Soma kwa bidii. Mimi masomo yalinikataa darasa la sita, nikaolewa na cherehani. Hanipigi, hanywi, lakini hula uzi kupita kiasi.

Shangazi yako,
wa sindano


Tarehe 12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nakaa kwa adabu. Hilo ndilo jibu la swali lako la kifundi.

Sketi ni nzuri mno. Tatizo lake ni kwamba inasimama yenyewe. Naivua, naiweka sakafuni, nayo inabaki imesimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Jana Kijiko aliingia chumbani taa ikiwa imezimwa, akaiamkia. Aliposubiri marahaba asiipate, akaenda kunisemea kwa mama kwamba nina mgeni mwenye kiburi.

Shuleni nayo imeleta mambo. Wiki iliyopita, kipindi cha hesabu, benchi lilinigonga na sketi ikalia "pufu", sauti ya mtu mnene anapojibwaga kwenye kochi. Darasa zima likacheka. Mwalimu wa Hesabu akalitazama benchi lake kana kwamba limemsaliti. Lake lina jina, analiita Naibu, na huwa amelishika mkononi hata wakati wa kuita majina.

Sasa kila mtu anaitaka. Rafiki yangu Mrefu anataka, wale pacha wanataka, hata kiranja, ambaye kazi yake ni kuandika majina yetu ubaoni, amenifuata chooni akanong'ona kiuno chake ni inchi ngapi. Wavulana wawili wanaulizia suruali. Nimeviandika vipimo vyao huku nyuma. Wote wanasema ni kwa ajili ya mabenchi.

Huku nyumbani wanahangaika na tumbo langu. Linaniuma kila asubuhi, linaanza nikivaa soksi. Jumamosi haliumi. Mama amenipa dawa ya minyoo, akarudia, akarudia tena. Kama ilikuwepo, minyoo yenyewe imeshahama na mabegi yake. Saluni nzima ni madaktari. Mmoja anasema ni vidonda, mwingine anasema ni jicho la mtu, na Mke wa Mwalimu wa Hesabu, ambaye ni mteja mkubwa wa mama, anasema ni gesi tu, hata mumewe anayo.

Jumapili mama alipokuwa ananisuka alikuta nyuma ya sikio pako wazi, pana kama kifuniko cha soda. Mtoto wa msusi mwenye upara, shangazi, ni kama mtoto wa mwokaji anayeomba mkate. Halafu akabadilisha mafuta. Sikumwambia kwamba mafuta hayana kosa, ni vidole vyangu. Huwa vinakwenda vyenyewe nikilala, nikianza kujihesabia jedwali la kuzidisha. Saba mara nane naijua kwa lugha zote mbili, ya nyumbani na ya shuleni. Ila Naibu akiinuliwa, naisahau kwa zote mbili.

Namaanisha benchi likiinuliwa.

Usimwambie mama. Unamjua. Atakwenda shuleni na kitana chake cha moto mkononi, atasema, watu watajaa madirishani. Halafu yeye atarudi nyumbani, na mimi nitabaki kule na hesabu.

Kandambili hizo. Kwaheri.

Kimya


Tarehe 30 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Wifi, kaka, na Kijiko mwenye mvua mdomoni, wote nawasalimu.

Oda nimeziona. Katika maisha yangu nimeshonea kwaya, nimeshonea timu ya mpira, nimeshonea hata bendi iliyotoroka na sare kabla ya kulipa. Darasa zima makalio, hapana, hii ni mara ya kwanza. Mteja mmoja alinikuta nimezipanga mezani, sketi nne na suruali mbili, zote zimetuna, akaniuliza kama nimeanza kushona viti.

Godoro la zamani limekwisha, nikaingia la sasa. Nalo lilipofika nusu nikaona nitaishia kulala juu ya mbao kama mfungwa wa kujitolea, basi nikapasua mito nikatoa sufi. Yako mpya nimeijaza sufi, nyepesi zaidi, haitasimama na kumtisha mdogo wako. Sufi ina ubaya wake mmoja: mshono ukiachia, hairudi ndani hata uibembeleze. Itunze.

Nilitaka kuja kukuona shuleni mwezi huu lakini unajua miguu yangu. Hapa kwetu shule ya msingi iko mtaa wa nyuma tu, njia fupi kabisa ya kwenda kwa muuza vitambaa, na mimi huzunguka kwa njia ya sokoni. Ni mbali zaidi. Basi tu, miguu.

Nina swali moja, na hili ni la shangazi.

Hilo benchi lenu lina mkono?

Kama hutaki kujibu, usijibu. Ila jibu.

Shangazi


Tarehe 25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Baba hajambo, ameanza kulala ubavu, sasa anapiga mluzi. Mama hajambo. Kijiko ameota jino moja, limeota pembeni, anasema ni la akiba.

Sketi ya sufi imepasuka. Ilipasuka yenyewe.

Nitakueleza ilivyokuwa. Tulikuwa na hesabu. Niliitwa ubaoni. Sikumbuki niliulizwa nini, ila nakumbuka chaki ilikuwa ya kijani. Mara ya kwanza benchi liliponigonga, sketi ilitulia. Mara ya pili nikasikia mshono umesema "trr". Mara ya tatu, shangazi, darasa likajaa sufi. Ilitoka kama imefungwa humo miaka na imesikia uhuru. Iliingia dirishani ikatoka, ikakaa kwenye nyusi za Mrefu, ikampa Mwalimu wa Hesabu ndevu nyeupe. Yeye akaanza kupiga chafya. Alipiga chafya mpaka miwani ikamruka na kuingia kwenye ndoo ya kulowekea kitambaa cha ubao, na kila alipojaribu kusema "nani amecheka" chafya ilimpokonya neno mdomoni.

Watu walicheka mpaka pacha mmoja akamwegemea pacha asiye wake. Na mimi nilicheka. Kisha nikataka kuacha, ikakataa, na nilipojishika shavu nikakuta limelowa. Sijui kicheko kiliishia wapi na kile kingine kikaanzia wapi. Mrefu ndiye aliyenitoa nje, huku bado namwaga sufi kwenye korido kama kuku anayehama.

Mwalimu Mkuu alikuja. Akauliza kimetokea nini. Darasa zima, hata kiranja, hata wale wanaokaa mbele, likajibu kwa sauti moja: "Benchi, mwalimu." Akalikagua benchi langu. Akalipapasa. Akaita seremala, naye amepiga randa mabenchi yote. Sasa ni laini sana. Tunateleza. Asubuhi mtu akikaa upande huu, wa upande ule anaanguka.

Naibu hajapigwa randa.

Sketi nimeiweka humu ndani, uone kama inashoneka. Na ile ya kwanza ya sponji pia, maana imelegea. Ila labda usihangaike, kwa sababu nina ombi jingine kubwa zaidi. Nataka kuacha shule nije nijifunze kushona kwako. Nimefikiri vizuri. Wewe masomo yalikukataa na huna shida yoyote, unacheka kila siku. Mimi si mtu wa maneno, na cherehani haimwiti mtu ubaoni. Mitihani ni mwezi wa kumi, tuseme tu kwamba nimeugua tumbo, hata si uongo. Nijibu ndiyo.

Nimeandika hii chini ya meza ya saluni. Mama amesimama hapo juu, naona vidole vyake vya miguu. Naificha.

Kimya


Tarehe 6 Juni

Mwanangu,

Barua hii imechelewa. Si posta, ni mimi.

Mimi mzima. Cherehani nzima. Mwenye nyumba mzima, kwa bahati mbaya.

Nimezigeuza sketi zako ndani nje mezani kwangu. Nikaziangalia asubuhi, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikaziangalia tena. Mimi huletewa nguo za watu zirekebishwe kila siku. Nguo ya mtu wa kukaa huchakaa duara, kama sinia. Ya kwako imechakaa mistari. Mmoja juu ya mwingine, na yote inapanda upande mmoja kuelekea kiunoni. Anayekupiga anatumia mkono wa kushoto. Sponji ya godoro langu, ambayo imenibeba mimi na uzito wangu wote huu, imekatika mahali pawili.

Sasa nisikilize. Masomo hayakunikataa. Nilikuwa wa tatu darasani. Baba yako anajua hilo la wa tatu, lililobaki hajui mtu. Palikuwa na mwalimu, palikuwa na fimbo, asubuhi moja nikasema miguu inauma. Ilikuwa uongo. Kesho yake nikasema tena. Mama yangu alisubiri nimwambie kuna nini, na mimi nikasubiri aniulize vizuri. Tumesubiriana mpaka tumezeeka wote wawili. Na miguu, kwa kutaka kunikomoa, ikaja kuuma kweli, lakini mahali pamoja tu: karibu na geti la shule. Ndiyo njia ya sokoni hiyo.

Kwa hiyo jibu la ombi lako ni hapana. Ukija na cheti chako nitakukalisha kwenye cherehani ya mbele, penye dirisha. Ukija unakimbia, sikupi hata pini. Mimi nacheka kila siku, umesema kweli. Hujaniuliza nacheka ili nisisikie nini.

Na sketi nyingine sishoni. Nimeona ninakoelekea. Mwaka huu pedi, mwakani nitakuwa nashona magodoro yenye mikono na mahali pa kutolea kichwa, na Naibu atakuwa anatafuta kichwa.

Wifi sitamwambia. Mdomo ni wako. Unaogopa atakwenda peke yake na kitana na kurudi. Basi siku utakayomwambia, na mimi nitapanda gari nije. Tutaingia getini mimi na yeye, na kitana tutakiacha nyumbani, tutachukua nguo hizi. Hatutaondoka mpaka Mwalimu Mkuu apapase hizi kama alivyopapasa benchi. Na tutarudi wiki inayofuata, na nyingine. Miguu itauma. Nitavaa viatu vya chini.

Sketi nimezirudisha. Sikuzifua, sikuzipiga pasi. Mistari nimeifuata kwa chaki ya fundi, nyeupe. Kama maneno hayatoki, geuza moja uiweke mezani. Nguo haina haya.

Shangazi yako


Tarehe 18 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Nimesoma barua yako chooni, halafu nikairudia, mpaka baba akagonga akiuliza kama naandika mtihani humo.

Nilikuwa nimeamua kutokusema. Usinikasirikie. Nilikunja kila kitu nikasukuma uvunguni, nikasema nitasubiri likizo, halafu nitasubiri matokeo, halafu nitaona.

Leo nimetoka shule nikamkuta Kijiko ameivaa sketi ya sponji. Inamfika kwenye vifundo vya miguu. Anatembea chumbani kifua mbele kama mkuu wa mkoa, chaki imempaka mikono yote. Nikacheka, nikamwambia hiyo ni ya wasichana. Akasema:

"Si neno. Nikifika darasa lako nitaivaa hivi hivi."

"Kwa nini?"

"Si kwa ajili ya Naibu? Watu wote wanamjua Naibu, sisi darasa la pili tunamwimba." Halafu akaenda jikoni akarudi na mwiko, akanipa, akageuka akainama. "Hebu nipige, dada. Nione kama inafanya kazi."

Alikuwa anasubiri, shangazi. Ameinama, anachungulia kwa nyuma katikati ya miguu yake, anacheka, jino la akiba linaonekana. Alikuwa anadhani ni mchezo. Na nikaona amekunja vidole vya miguu, kama ninavyokunja mimi.

Nimempa mkate mwiko ukiwa bado mkononi mwangu. Hajui kwa nini nimempa mkate, ila haulizi mara mbili mambo ya mkate.

Sasa niko saluni, nimekaa juu ya meza si chini yake, maana wateja wamekwisha. Mke wa Mwalimu ndiye alikuwa wa mwisho, ameondoka na kichwa kipya. Mama anamwaga maji ya kuoshea nywele huko nje. Nimeigeuza sketi yako ile ya vita, ile ya sponji, nimeiweka mbele ya kioo, nayo imesimama yenyewe, mistari yote nje. Kwenye kioo ziko mbili.

Tumbo linaniuma na leo si asubuhi.

Maneno ya kuanzia nimeyatafuta kwa lugha zote mbili na sijayapata. Labda nitamwonyesha tu nyuma ya sikio, nimwambie si mafuta. Au nitamrudishia kwanza pazia lake, tuanzie kwa jirani.

Nazisikia kandambili. Zimepita ndoo, zimefika kwenye mkeka. Kapu la nywele bandia liko hapa karibu na mkono, liko wazi. Nimelifunika kwa kifuniko chake. Karatasi iko mezani, na kalamu bado inaandika, unaiona.

Kitasa kinazunguka.

Shangazi, tafuta viatu vya chini.